Kuchagua Kampuni ya Kupima Daraja la Sarafu za Kale: Mwongozo kwa Mkusanyaji wa Mombasa

Swali ambalo wenye sarafu za zamani hapa Mombasa huliuliza mwanzo ni kampuni ipi ya upimaji iliyo bora, nalo ndilo swali linalofaa kuulizwa mwisho. Kabla yake yapo mengine manne: sarafu yenyewe ni ipi, mikono iliyoipitia imeifanya nini, sheria inairuhusu kutoka nchini kwa masharti gani, na hatimaye itauzwa kwa nani. Aliyekwisha kuyajibu hayo kwa uangalifu mara nyingi hugundua kwamba kampuni imejichagua yenyewe, au kwamba hakuna haja ya kampuni yoyote. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo.

Tuanze na maana ya kazi yenyewe. Kampuni ya upimaji hupokea sarafu, huthibitisha kwamba ni halisi, huipa daraja kulingana na hali yake, kisha huifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lenye lebo na namba ya cheti. Wakusanyaji huliita kasha hilo slabu. Daraja hutolewa kwa kipimo cha 1 hadi 70, kipimo kilichobuniwa na Mmarekani William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani, kisha kikaenezwa hadi kwenye sarafu za dunia nzima. Sarafu iliyolika hadi mchoro unaonekana kwa taabu huangukia namba za chini. VF huanzia 20 na ni sarafu iliyotumika kwa kiasi, XF huanzia 40, AU huanzia 50 na ni sarafu iliyoguswa na matumizi kidogo mno, na MS, kuanzia 60 hadi 70, ni sarafu ambayo haikupata kuingia katika matumizi. Sarafu zilizofuliwa kwa namna maalumu kwa ajili ya maonyesho na wakusanyaji hupewa herufi PF au PR badala ya MS.

Wazee wetu wengi wa ukusanyaji walijifunza kwa vitabu vya Kiingereza, na Waingereza wana maneno yaleyale ya madaraja lakini huyatumia kwa ukali zaidi. Sarafu ambayo mzee wa Ndia Kuu ataiita EF, ndiyo XF ya Wamarekani, mpimaji wa Marekani huenda akaiita AU. Imewahi pia kuwapo Uingereza huduma iliyotumia kipimo cha hadi 100. Kwa hiyo ukiona namba 65 kwenye lebo, uliza kwanza ni 65 kati ya ngapi.

Hatua ya kwanza: itambue sarafu yako

Usiandikie kampuni yoyote kabla ya kujua unachokishika mkononi. Pwani hii imepitiwa na fedha za namna nyingi, na thamani zake hazilingani hata kidogo.

Za kwanza kwa heshima, kwetu angalau, ni zile zenye jina la mji wenyewe. Kampuni ya Imperial British East Africa ilitoa sarafu zilizoandikwa MOMBASA, zenye jua lenye taji upande mmoja na mizani upande wa pili. Pesa za shaba zina mwaka 1888 pamoja na mwaka wa Hijria 1306, na zipo zilizofuliwa Calcutta na zilizofuliwa Birmingham katika kiwanda cha Heaton, hizi za pili zikiwa na herufi H ndogo. Za fedha ni rupia ya 1888, nusu rupia ya 1890, robo rupia za miaka yote miwili, na ana mbili za 1890. Pesa ya shaba haiadimiki, na hata neno letu la pesa limeshikana na sarafu ya aina hiyo kutoka Bara Hindi. Pesa ambayo bado ina wekundu wake wa kiwandani, hata hivyo, ni jambo jingine kabisa.

Kando ya hizo utakutana na pesa za Zanzibar za Sultan Barghash, za mwaka wa Hijria 1299 na 1304, nazo pia zina mizani. Utakutana na rupia za Bara Hindi, rupia na heller za Wajerumani wa Tanganyika zilizotuachia neno hela, na kwa nadra sana ile sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, iliyofuliwa Tabora mwaka 1916 vita vikiwa vimepamba moto. Ukiletewa hiyo ya tembo, usiinunue bila kasha la kampuni inayoaminika, kwa kuwa za kughushi ni nyingi.

Kisha kuna reali, ile sarafu kubwa ya fedha ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Imeandikwa 1780, na wengi hudhani kwamba mwaka huo ndio umri wake. Ukweli ni kwamba muhuri wa 1780 uliendelea kutumika miaka yote iliyofuata, katika viwanda vya Austria kwanza na baadaye London, Roma, Paris, Bombay, Birmingham na kwingineko, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani zetu hawakukubali sura nyingine. Reali iliyolala ndani ya kasha la bibi yako huenda ilifuliwa miaka ya 1950. Wanaojua huzitofautisha kwa vijambo vidogo: manyoya ya mkia wa tai, lulu za kipini begani, urefu wa herufi. Kama reali ndiyo sarafu yako, kampuni utakayoichagua lazima iwe inatambua na kuandika aina hizo kwenye lebo, la sivyo utarudishiwa kasha lililoandikwa 1780 tu, jambo ambalo ulilijua kabla ya kulipa.

Fedha za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki za mfumo wa shilingi, zilizoanza kufuliwa mwaka 1921, ndizo nyingi kuliko zote. Hapa nina ushauri mmoja unaowaudhi watu: ndururu (senti 5) na peni (senti 10) zenye tundu za mwaka 1936, zenye jina la Mfalme Edward VIII aliyejiuzulu Desemba mwaka huohuo bila kutawazwa, si adimu. Kisa chake ni kizuri na kila anayezimiliki hukisimulia kana kwamba ni utajiri, lakini zilifuliwa kwa wingi, na isipokuwa iwe mpya kama ilivyotoka kiwandani, ada ya kuipima itazidi bei yake mara nyingi. Sarafu za Jamhuri zenye wanyama, zilizozinduliwa Desemba 2018, tuziache sokoni zifanye kazi yake.

Ipime uzito. Sonara yeyote wa Mji wa Kale ana mizani inayosoma mpaka sehemu za gramu, na akikujua hatakutoza. Rupia ya fedha inapaswa kukaribia gramu 11.66 na reali gramu 28.07. Sarafu iliyolika hupungua kidogo, lakini ikipungua gramu nzima, au ikizidi, mashaka yaanzie hapo. Ijaribu pia kwa sumaku, kwa kuwa fedha na shaba hazivutwi. Majaribio haya mawili hayathibitishi uhalisi, ila huiondoa bandia ya hovyo kabla hujaigharamia.

Hatua ya pili: itazame kwa jicho la mpimaji

Nunua lenzi ya kukuza mara 10, kaa chini ya taa moja yenye mwanga mkali, shika sarafu kwa ukingo wake na uigeuze polepole. Sarafu ambayo haikuguswa ina mng'aro unaozunguka juu ya uso wake kadiri unavyoigeuza, kama mwanga unavyozunguka juu ya hariri. Iliyosuguliwa hung'aa pote kwa pamoja, na lenzi huonyesha mikwaruzo myembamba inayoelekea upande mmoja.

Jambo hili linatuhusu sisi watu wa pwani kuliko wengi. Nyumba zetu husafisha shaba kwa ukwaju na majivu, na fedha kwa ndimu, na mwenye nyumba huona amefanya ihsani. Kwa mpimaji hilo ni jeraha. Sarafu iliyosafishwa kwa kusuguliwa haipewi namba ya kawaida, bali hufungwa kwenye kasha lenye neno Details, maana yake ni halisi lakini ina dosari, na dosari hiyo hutajwa. Thumni (senti 50) yangu ya fedha ya 1912, ambayo kwa macho yangu ilistahili AU na kwa macho ya kila mgeni ilikuwa inameremeta, ilirudi na lebo ya namna hiyo. Ndimu ilipita juu yake muda mrefu kabla haijanifikia, nami nikalipa ada kamili ili nielezwe hivyo.

Dosari nyingine ya kwetu ni kitanzi. Reali na rupia zilifanywa vidani na mikufu. Zilitobolewa, au sonara alizichomea pete kwa risasi, na baadaye pete ikabanduliwa. Chunguza ukingo, hasa sehemu ya juu ya kichwa, kama kuna mahali palipojazwa au palipobadilika rangi. Tundu la kidani ni dosari. Tundu la peni ni la kiwandani na halihesabiwi. Alama za aina hii hazimaanishi kwamba sarafu haina thamani. Kidani cha nyanya chenye reali nne kina thamani yake kama kidani, na kukivunja ili sarafu zipimwe moja moja ni hasara ya mara mbili.

Angalia pia utando wa kijani unaonata. Huo husababishwa na vifuko laini vya plastiki ya PVC, ambavyo hutoa majimaji katika joto, na joto la Mombasa halikosekani. Utando huo unaweza kuondolewa na wataalamu: NGC, mojawapo ya kampuni za upimaji tutakazozifikia katika hatua ya tano, ina kampuni dada ya uhifadhi iitwayo NCS, na PCGS, mpinzani wake, ina huduma yake ya aina hiyo. Usiuondoe mwenyewe kwa brashi ya meno.

Hatua ya tatu: sheria kabla ya bahasha

Hatua hii hairukwi. Wapimaji wakuu wako ng'ambo, kwa hiyo kupima sarafu maana yake ni kuitoa Kenya. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa cha kale kitu chochote kinachohamishika, mbali na vitabu na hati, kilichotengenezwa nchini au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, na kitu cha kale hakiruhusiwi kutolewa Kenya bila kibali. Sasa rudi kwenye orodha ya hatua ya kwanza: sarafu za Mombasa za 1888 na 1890, pesa za Barghash zilizoingia zamani, rupia za Malkia Victoria za miaka ya mwanzo. Zote hizo ziko upande wa kabla ya 1895. Vilevile sheria hiyo inataka leseni kwa anayefanya biashara ya vitu vya kale, kwa hiyo anayepanga kuuza na ajue hilo mapema.

Njia iliyo salama ni kuanza na ofisi za Makavazi ya Kitaifa pale Fort Jesus, ukiwa na picha za pande zote mbili, uzito, na maelezo ya namna sarafu ilivyokufikia. Ieleze safari yenyewe: inakwenda kupimwa na itarudi. Omba jibu kwa maandishi, hata kama jibu ni kwamba kibali hakihitajiki. Sarafu iliyochimbwa ardhini au kuokotwa magofuni, kwa mfano zile ndogo za shaba za masultani wa Kilwa ambazo huonekana mara chache katika pwani hii, haiingii kabisa katika mwongozo huu. Hiyo huripotiwa kwenye makavazi, na haipelekwi kwa mpimaji wala kwa mnunuzi.

Kwa sarafu za baada ya 1895, kama vile pesa za Himaya ya Waingereza ya Afrika Mashariki zenye miaka 1897 hadi 1899, thumni za fedha, na shilingi za 1921 na kuendelea, lililobaki ni forodha. Mwombe wakala wa forodha aandike kwamba sarafu zinatoka kwa muda na zitarudi, na aambatanishe picha, ili siku zikirudi zisihesabiwe kuwa bidhaa mpya iliyonunuliwa nje. Sarafu za wakusanyaji huangukia kifungu 9705 cha orodha ya ushuru, na kumtajia wakala namba hiyo hupunguza mabishano. Hii si kazi kubwa kwa mji ulioishi kwa bandari. Ugumu wake ni kwamba lazima ifanywe kabla ya kutuma, kwani baada ya kutuma haiwezekani tena.

Hatua ya nne: hesabu inayokata maneno

Watu husoma ada iliyoandikwa kwenye ukurasa wa bei wa kampuni na kudhani ndiyo gharama. Gharama halisi ina sehemu nyingi: ada ya uanachama wa mwaka, ada ya kila sarafu, ada ya kushughulikia oda nzima, nyongeza ya kutambuliwa kwa aina, nyongeza ya picha, usafirishaji wa kwenda na bima yake, usafirishaji wa kurudi na bima yake, malipo ya wakala, na makato ya benki katika kubadilisha shilingi kuwa dola. Ada ya kila sarafu hupanda kulingana na thamani unayoitangaza, na huduma za bei nafuu mara nyingine huweka idadi ya chini ya sarafu kwa oda moja.

Tuseme una sarafu tano na jumla ya yote hayo ni dola 350. Hiyo ni dola 70 kwa kila moja. Sasa uliza: sarafu hii ikiwa ndani ya kasha itauzwa kwa dola 70 zaidi ya ilivyo leo? Shilingi ya 1952 iliyotumika haitafika hapo, wala peni ya Edward VIII. Robo rupia ya 1890 yenye mng'aro wake huenda ikafika, na rupia 15 ya Tabora itapita, kwa sababu kwa hiyo mnunuzi analipia uthibitisho kuliko namba. Unaponuia kurithisha wala huna nia ya kuuza, hesabu ni nyingine, na picha nzuri pamoja na maelezo yaliyoandikwa kwa mkono wako vinaweza kutosha.

Makadirio ya bei yasichukuliwe kutoka kwenye matangazo ya wauzaji wanaotaja bei wanayoitamani. Tazama bei zilizokwisha kulipwa minadani, kwa sarafu ya mwaka uleule, alama ileile ya kiwanda na daraja lilelile. Chukua daraja moja chini ya unalolitumaini, kwa kuwa mwenye sarafu huipenda kuliko mpimaji.

Hatua ya tano: sasa kampuni

Kampuni nne za Marekani ndizo zinazotajwa zaidi. ANACS ndiyo kongwe. Ilianzishwa mwaka 1972 ndani ya chama cha wakusanyaji wa Marekani, ANA, kwa ajili ya kuthibitisha uhalisi, ikaanza kupanga madaraja mwaka 1979, na baadaye ikauzwa nje ya chama. PCGS ilianza kazi mwaka 1986 na iko California. NGC ilianza mwaka 1987 na makao yake yako Sarasota, Florida. ICG ilifuata mwaka 1998. Utasikia pia habari za stika za CAC zinazobandikwa juu ya makasha ya wengine kuthibitisha kwamba daraja limestahili. Stika hizo ni za sarafu za Marekani, kwa hiyo mwenye rupia ya Mombasa asisumbuke nazo.

Kwa sarafu zetu, mimi huanza na NGC, na sababu yangu si kwamba macho ya wapimaji wake ni makali kuliko ya PCGS. Sarafu za nchi za nje hupita kwake kwa wingi, kwa hiyo sarafu yako ina za kulinganishwa nazo, na ina ofisi London, mji ambao familia nyingi za Mombasa zina jamaa wa kuaminika. PCGS ninaiweka sambamba, na ninaipa nafasi ya kwanza pale mnunuzi ninayemlenga anapokusanya makasha ya PCGS, kwa kuwa wakusanyaji wanaoshindania seti huko hawataki kuchanganya. ANACS na ICG kwa kawaida huwa nafuu, na zinafaa kwa anayetaka uthibitisho wa uhalisi tu, ila minadani makasha yake mara nyingi hayavuti bei ileile.

Hata hivyo usichukue neno langu bila kuuliza maswali haya kwa kampuni yoyote, ziwe hizo au nyingine.

Je, inanunua na kuuza sarafu? Mpimaji anayefanya biashara ya kile anachokipima ni kama mizani iliyo mikononi mwa muuzaji. Kampuni nzuri huwakataza wapimaji wake kufanya biashara hiyo, na huandika katazo hilo wazi. Sarafu yako inapaswa kutazamwa na wapimaji zaidi ya mmoja, kila mmoja bila kujua mwenzake ametoa namba gani, kisha mkubwa wao aamue.

Dhamana yake inasemaje? Isome yote, mstari kwa mstari, maana hapa ndipo kampuni hutofautiana kweli. Dhamana inayostahili jina hilo hulipa fidia kama sarafu itathibitika kuwa bandia au ilipewa daraja kubwa kuliko linalostahili. Tafuta mambo iliyoyaondoa. Shaba huandikwa RD ikiwa nyekundu, RB ikiwa imechanganyika na BN ikiwa imegeuka kahawia, na zipo dhamana zisizofunika mabadiliko ya rangi hiyo, kwa kuwa hewa huendelea kufanya kazi yake hata ndani ya kasha. Anayenunua pesa ya 1888 yenye RD ili aishi nayo Kizingo au Nyali, mita chache kutoka baharini, analipia rangi ambayo huenda hakuna atakayemhakikishia.

Je, kila mtu anaweza kukihakiki cheti? Kampuni kubwa zina ukurasa wa wazi ambapo unaandika namba ya cheti na kuona sarafu ni ipi, ina daraja gani, na mara nyingi picha yake. Zina pia hesabu za sarafu ngapi za aina hiyo zimekwisha kupimwa katika kila daraja. Zitumie hesabu hizo kwa tahadhari, kwani sarafu moja ikitolewa kwenye kasha na kupimwa tena huweza kuhesabiwa mara mbili, na sarafu ambayo wenyewe hawajawahi kuihangaikia huonekana adimu kwa sababu tu imelala kabatini.

Mwisho, je, kampuni inaijua sarafu yako? Tafuta kwenye hesabu hizohizo kama imewahi kupima sarafu za Mombasa, za Bodi ya Afrika Mashariki, au reali kwa viwanda vyake. Kampuni ambayo haijawahi kuiona inaweza kuikataa, na ada isirudi.

Kampuni mpya zenye bei ndogo mno, zinazogawa 69 na 70 kwa kila anayelipa, ziache. Kasha lake litakuwa plastiki nzuri ya kuhifadhia, basi.

Hatua ya sita: kujiunga, kufunga na kutuma

Kuna milango miwili. Unaweza kuwa mwanachama na kutuma mwenyewe, au kupitia muuzaji aliyeidhinishwa na kampuni. Mwenye sarafu mbili au tatu hufaidika na mlango wa pili, au na kuungana na wenzake katika oda moja. Mkiungana, andikeni karatasi: sarafu za nani, picha zake, thamani iliyotangazwa, nani anabeba hasara ikipotea. Urafiki wa barazani umevunjika kwa mambo madogo kuliko rupia.

Kwenye fomu, tangaza thamani ya haki. Ukiishusha ili upate ada ndogo, bima nayo imeshuka; ukiipandisha, unalipia daraja la huduma usilolihitaji. Kama sarafu tayari iko ndani ya kasha la kampuni nyingine na unataka kuihamisha, andika daraja la chini unalokubali, ili isipofikia hapo irudishwe bila kutolewa kwenye kasha lake.

Weka kila sarafu kwenye kifuko cha polyesta kisicho na PVC, bila pini za stepla, uandike namba inayolingana na fomu. Shika kwa ukingo, juu ya kitambaa, ukiwa umenawa mikono na kuikausha, kwani jasho letu la mwezi wa Machi huacha alama za vidole ambazo baada ya miezi michache haziondoki. Vifuko viingie kwenye boksi dogo visiweze kucheza, boksi dogo liingie kwenye kubwa, na nje pasiandikwe neno lolote linalohusu sarafu wala fedha, isipokuwa pale hati za forodha zinapodai.

Kuhusu msafirishaji, uliza maswali mawili kabla ya kulipa, na majibu yawe kwa maandishi: je, mnakubali sarafu za wakusanyaji, na je, bima yenu inazifunika? Wengi wana orodha ya vitu wasivyovibeba au wanavyovibeba bila kuvilipia, na sarafu mara nyingi zimo. Mhudumu wa dirishani anaweza kupokea malipo ya bima kwa moyo safi bila kuijua orodha hiyo. Nilifanyiwa hivyo mara moja. Kifurushi kilichelewa majuma matatu, na nilipouliza fidia nikaonyeshwa kifungu ambacho hakuna aliyenitajia. Barua ya kawaida usiifikirie kabisa. Ikiwa jamaa anasafiri kwenda London na amekubali kubeba, abebe mkononi pamoja na nakala ya kibali na hati za forodha, na atangaze atokapo na afikapo.

Hatua ya saba: zikirudi

Fungua kifurushi ukirekodi video. Linganisha namba ya kila cheti na ukurasa wa kampuni, na linganisha sarafu iliyo ndani na picha ulizopiga kabla ya kutuma: mikwaruzo, madoa, mahali pa kutu. Makosa ya lebo hutokea, mwaka mmoja kwa mwingine au H iliyosahauliwa, na kampuni nyingi husahihisha kosa lao bila malipo ukiwahi kulisema. Daraja lisipokuridhisha, usilivunje kasha kwa hasira. Subiri, mwonyeshe mtu mwingine mwenye jicho, na uombe upimaji wa pili pale tu tofauti ya bei kati ya madaraja mawili inapozidi gharama ya safari nyingine.

Uhakiki huohuo wa namba na picha ufanye unaponunua kasha kutoka kwa mtu, maana makasha bandia yapo, na wengine huchukua namba ya cheti halisi na kuiweka juu ya sarafu ya kughushi. Namba kuwepo kwenye ukurasa hakutoshi. Sarafu uliyoishika lazima ifanane na ile ya kwenye picha, doa kwa doa.

Kasha halizuii hewa moja kwa moja. Liweke ndani ya boksi linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, uvibadilishe au uvikaushe msimu wa mvua unapoingia, mbali na ukuta wa matumbawe unaotoa chumvi na mbali na kabati la mbao mbichi. Nakala za kibali, hati za forodha na risiti ziwe pamoja na sarafu, si kwenye simu peke yake, kwa sababu siku ya kuuza mnunuzi makini ataziuliza kabla hajauliza daraja.